Stima inafifia simba yangu kila birika likiwashwa: nivute waya gani kutoka kwa mzee?

jaseme_91
Wakuu, habari za jioni. Naomba msaada kabla sijatoa pesa mara ya pili.

Niko Seme, upande wa barabara ya Kisumu kwenda Bondo. Mwaka jana nilijenga simba yangu, vyumba viwili na bafu. Mita ya stima iko nyumba kubwa kwa mzee, na mnajua boma letu lilivyo: nyumba ya mama juu, simba chini karibu na lango. Nimepima kwa utepe. Kutoka sanduku la breka la mzee hadi ukuta wangu ni mita 55.

Fundi alivuta waya wa 2.5 (unene wa shaba kwa milimita za mraba), akaupitisha juu ya nguzo mbili za mti, akauchomeka kwenye breka ya ampia 20, ile ile ya soketi za sebuleni kwa mzee. Taa, TV na simu hazina shida. Shida ni birika la stima. Nikiliwasha, taa zinasinzia, na maji yanachukua muda kuliko jikoni kwa mama. Birika ni moja, nimelibeba kwenda na kurudi nikijaribu. Mke wangu akipiga pasi wakati huo huo, friji inanguruma tu bila kuanza. Na breka imesharuka mara tatu, kila mara ni jioni mzee naye ana kitu chake kimewashwa.

Fundi anasema dawa ni breka ya 32, ati hiyo 20 ni dhaifu. Halafu nataka shawa ya kuchemsha maji papo hapo, imeandikwa wati 5500. Yeye anasema 2.5 itabeba. Nimwamini?

FundiKondele
Usimwamini. Ukiweka 32 juu ya 2.5 iliyotoka mbali hivyo, breka haitakuwa na kazi tena. Waya wenyewe ndio utakuwa fyuzi.

njoro_baridi
Samahani wandugu, mimi ni mtu wa Nakuru. Huyu simba anayechemsha chai na kupiga pasi mlimtoa wapi?

jaseme_91
Haha. Simba ni nyumba ya kijana ndani ya boma la baba yake, ndugu. Kijana Mjaluo akikua anajengewa au anajijengea simba upande wa lango, ndipo baadaye atoke kuanzisha boma lake. Simba yangu haina mkia. Ina bili tu.

MamaKonduti
Kaka jaseme, pole. Nimefanya kazi ya nyaya hapa Kisumu miaka kumi na sita, nina leseni ya EPRA, mamlaka ya kawi, na nyumba nilizoitwa kurekebisha ni nyingi kuliko nilizoanza mwenyewe. Nyingi zina ugonjwa huu huu.

Fundi wako amechanganya maswali. Breka haikuwekwa kwa ajili ya birika. Breka ni askari wa waya. Kazi yake ni kukata kabla shaba haijapata joto la kuyeyusha ngozi yake. Kwa hiyo unaanza na mzigo, halafu breka isiyopungua mzigo huo, halafu waya unaobeba zaidi ya breka. Mzigo, breka, waya, kwa kupanda hivyo. Ukipandisha breka bila kugusa waya, umempa askari amri ya kutazama pembeni.

Kabla sijasema ni waya gani, nenda usome vibandiko chini ya birika, kwa pasi, na nyuma ya friji. Niandikie wati. Usikisie.

jaseme_91
Nimesoma. Birika 2000. Pasi 1200. Friji kibandiko kimefutika, ni ndogo ya mlango mmoja. TV 80. Taa ni za LED, zote pamoja hazifiki 60.

MamaKonduti
Sawa. Hapa Kenya stima ya nyumbani ni volti 240, kwa hiyo gawanya wati kwa 240 upate ampia. Birika 2000 ni ampia 8.3. Pasi ni 5. Shawa 5500 ni karibu 23. Friji ikitembea haifiki hata 1, lakini ikianza inavuta mara kadhaa ya hapo kwa nukta chache, ndiyo maana ya kwako inanguruma: volti hazitoshi kuisukuma.

Sasa hesabu ya njia. Kila waya unakula volti kidogo kwa kila ampia na kila mita. Majedwali ya Waingereza, yale tunayofuata mafundi wengi hapa, yanasema waya wa 1.5 unapoteza milivolti 29 kwa kila ampia kwa kila mita, kwenda na kurudi ikiwa imeshahesabiwa. 2.5 ni 18. 4 ni 11. 6 ni 7.3. 10 ni 4.4. 16 ni 2.8. Hizo namba nimeziandika kwa kalamu ya wino ndani ya kifuniko cha sanduku langu la vifaa, maana karatasi huliwa na mende.

Chukua birika peke yake: 18 mara 8.3 mara 55. Ni milivolti 8,217, yaani volti 8 na kitu. Ongeza pasi, mzigo unakuwa 13.3, unapoteza volti 13. Kanuni inaruhusu asilimia 3 kwa taa na asilimia 5 kwa vitu vingine, yaani volti 7.2 na volti 12 ukihesabu kwa 240. Na hiyo ni kuanzia stima inapoingia kwa mzee hadi soketi yako ya mwisho, si simba peke yake. Umeshapita.

Tena zile volti 13 hazikupotea hewani hivi hivi. Zidisha kwa ampia 13.3, ni wati 175. Mzee ananunua tokeni za kupasha joto waya ulio juu ya mahindi.

omera_wa_nyalenda
Wati 175 juu ya mahindi 😂😂 Mzee akisoma hii simba itahama leo usiku.

FundiKondele
Ongezea hapo MamaKonduti, watu hawajui: volti zikishuka asilimia 5, joto la birika linashuka karibu asilimia 10, kwa sababu nguvu ya kitu cha kuchemsha inafuata volti mara volti. Ndiyo maana chai ya simba inachelewa kuliko ya mama, si uchawi.

MamaKonduti
Kweli kabisa.

Sasa shawa. Ampia 23 kwenye 2.5 yako, mita 55, inapoteza volti 22.7, zaidi ya asilimia 9. Maji yatatoka vuguvugu kama ya mtungi uliokaa juani. Breka ya 20 inaweza kuruka, si lazima papo hapo, lakini ukikaa kuoga vizuri na mzee naye ana kitu chake kimewashwa, itaruka. Fundi wako ameliona hilo, ndiyo maana anataka 32. Hebu fikiria jioni moja: wewe uko bafuni, mke amewasha birika. Ampia 31. Breka ya 32 imetulia, haioni kosa. Na 2.5, hata ikiwa wazi ukutani penye hewa, jedwali linaipa 27. Nani atakuambia kwamba inaungua?

volti_na_chai
Naongeza kidogo kama mtu wa chuo. Breka ndogo za nyumbani zimetengenezwa zivumilie mara 1.13 ya namba yake kwa saa nzima bila kuruka, na zikifika mara 1.45 ndipo lazima ziruke ndani ya saa hiyo. Kwa hiyo breka ya 32 inaweza kukaa na ampia 36 saa nzima imenyamaza. Shawa, birika na pasi za jaseme zikijumlishwa ni ampia 36. Bahati mbaya gani hiyo.

Halafu MamaKonduti, kwa heshima, zile milivolti za jedwali ni za shaba iliyofika nyuzi 70. Waya ukiwa baridi unapoteza kidogo kuliko hapo. Kwa 2.5 baridi ni kama 15 badala ya 18.

MamaKonduti
Mwanangu, najua. Lakini mimi napimia siku mbaya. Siku nzuri haihitaji fundi.

njoro_baridi
Sasa mimi nieleze yangu, maana nilicheka simba lakini kicheko kilinitoka mapema.

Nina nyumba za kupangisha huku Nakuru, vyumba sita. Mpangaji wa chumba cha nne alikuwa analalamika breka inaruka akipika kwa koili ya stima. Nikamwita fundi aliyekuwa karibu. Alikaa dakika kumi, akaniambia imeisha. Breka haikuruka tena miezi minne. Nikamsifu kwa watu.

Halafu mpangaji akanipigia usiku, chumba kinanuka. Harufu ilikuwa kama ya samaki, si plastiki, nikadhani ni takataka. Nilipofungua soketi nyuma ilikuwa imegeuka kahawia kama ugali uliokauka kwa sufuria. Ngozi ya waya nyekundu ilikuwa ngumu, nikiikunja inavunjika vipande vipande, shaba ndani ni nyeusi. Kwa sanduku nikakuta breka ya 40. Arobaini, kwenye waya wa 1.5 uliovutwa kwa ajili ya taa na baadaye mtu akauongezea soketi.

Nilivuta nyaya zote upya. Sasa kabla ya kumlipa fundi, nafungua sanduku mwenyewe nasoma namba za breka, halafu natazama waya ulioingia humo. Huwa hawapendi.

MamaKonduti
Harufu ya samaki ni dalili ya kweli. Plastiki nyingi za soketi na swichi zikipikwa zinatoa harufu hiyo. Nyumba ikinuka samaki na hakuna aliyeenda Dunga kununua, zima swichi kuu.

kijana_wa_tvet
Nauliza kama mwanafunzi. Mwalimu wetu anasema soketi za 2.5 zinawekwa kwenye breka ya 32. Sasa nyinyi mnasema ni hatari. Nani mkweli?

MamaKonduti
Wote wakweli, na hapo ndipo fundi wa jaseme alipopotelea nadhani. Mwalimu wako anazungumzia ringi. Waya wa 2.5 unatoka kwa breka, unapita soketi zote, halafu unarudi kwenye breka ile ile. Soketi yoyote inapata stima kutoka pande mbili, mzigo unagawanywa, ndiyo maana inaruhusiwa 30 au 32. Waingereza waliuanzisha mtindo huo baada ya vita vya pili ili kuokoa shaba, pamoja na plagi yenye pini za mraba na fyuzi ndani ambayo sisi tunaitumia hadi leo.

Waya wa jaseme umeenda, haujarudi. Huo ni wa mstari mmoja, 2.5 yake haipiti breka ya 20.

Na hata ringi, ikikatika mahali pamoja ndani ya ukuta hakuna taa itakayokuambia. Soketi zote zinaendelea kufanya kazi, ila sasa una mistari miwili ya 2.5 chini ya breka ya 32. Ndiyo maana unapima ncha kwa ncha kabla ya kufunga. Mwalimu akikuonyesha kipimo hicho, kaa mbele.

kijana_wa_tvet
Asante mama. Sasa nimeelewa.

duka_bungoma
Mimi nauza vifaa, kwa hiyo nitasema jambo ambalo wateja hawapendi kusikia. Mnaweza kupiga hesabu yote hiyo vizuri halafu mkanunua 2.5 ambayo si 2.5.

Kuna roli zinaingia sokoni zimeandikwa 2.5, ngozi nene, shaba ndani nyembamba kama kiberiti cha njaa. Kuna nyingine ni aluminiamu iliyopakwa shaba juu. Jinsi ya kujua: kwangua ncha kwa wembe. Shaba ni nyekundu hadi katikati, aluminiamu inang'aa nyeupe. Halafu pima uzito. Shaba iliyo ndani ya mita 100 za 2.5 ina uzito wa kilo 2 na gramu 240 hivi, hapo bado hujahesabu ngozi. Ya 1.5 ni kilo 1 na gramu 340. Roli nzima ya 2.5 ikiwa chini ya kilo mbili kwa mizani, mwambie muuzaji airudishe juu ya rafu. Na uliza ni mita ngapi, maana kuna roli za 90 zinauzwa kwa jina la 100.

Ukiwa na mita ya kupimia omu na ni nzuri, ncha kwa ncha roli ya mita 100 ya 2.5 inatakiwa isome karibu 0.74. Ya 1.5 ni 1.2. Ikisoma zaidi sana, umeuziwa ngozi.

omera_wa_nyalenda
"Umeuziwa ngozi." Naandika kwa ukuta.

FundiKondele
Kitu kingine, wale wa Kisumu na wale wa Nakuru hatupimi sawa. Majedwali yanahesabu hewa ya nyuzi 30. Panda juu ya dari chini ya mabati hapa Kisumu saa nane mchana, useme kama ni 30. Mimi nimewahi kushuka nikiwa nimesahau koleo huko juu, na nikakataa kurudi hadi jioni.

Waya wa 2.5 ndani ya konduti, yaani bomba la nyaya, unapewa ampia 24. Hewa ikiwa nyuzi 40 zidisha kwa 0.87, inabaki 20 na kidogo. Ikiwa nyuzi 50 zidisha kwa 0.71, inabaki 17. Hapo breka ya 20 tayari ni kubwa kwake, weka 16. Na ukishindilia nyaya za saketi tatu kwenye konduti moja, zidisha tena kwa 0.7, unashuka hadi ampia 12. Nyaya zikikaa pamoja zinapeana joto.

Na ni wangapi wameshindilia saketi tano kwa bomba moja kwa sababu kutoboa ukuta ni kazi?

njoro_baridi
Sisi wa Njoro tunalala na blanketi mbili, waya zetu ziko likizo.

FundiKondele
Ndiyo maana zako ziliungua kwa baridi 😄

maji_webuye
Naingilia kidogo. Mimi nina pampu ya kisima, motor ya nguvu farasi tatu, fezi moja, iko mita 80 kutoka mita ya stima. Fundi aliweka 4. Pampu inalia mmm haianzi. Motor imebadilishwa mara mbili! Ni hii hii shida?

volti_na_chai
Karibu hakika. Motor ya farasi tatu ya fezi moja ikitembea inavuta kama ampia 14. Lakini ikianza inaweza kuvuta mara sita ya hapo, tuseme 84. Kwa 4 ya mita 80 ni 11 mara 84 mara 80, volti 74 kwenye karatasi. Kwa kweli hazifiki hapo, kwa sababu volti zikishuka motor nayo inavuta kidogo, lakini picha umeiona: inaanza kwa volti 170 hivi na mzigo wa maji juu yake. Inabaki inalia hadi inapika koili zake. Ukienda 10 hesabu inakuja volti 30. Kama unaweza kusogeza mita au kuchukua fezi tatu, afadhali zaidi.

Wala usinunue motor ya tatu kabla hujapima volti kwenye tamino zake, pale nyaya zinapofungwa, wakati inajaribu kuanza.

maji_webuye
Nimepima. 168. Nilidhani mita yangu ni mbovu.

omera_wa_nyalenda
Wazo la mtu maskini: si jaseme avute 2.5 ya pili kando ya ile ya kwanza, aziunganishe? Mbili ni 5.

MamaKonduti
Hapana. Moja ikilegea kwa skrubu nyingine inabeba mzigo wote peke yake, na breka haijui. Pesa ya kununua 2.5 mbili na nguzo za kuishikilia inakaribia bei ya kufanya mara moja.

mke_wa_mwalimu
Kwa nini asiombe mita yake mwenyewe? Nguzo si iko barabarani, na simba iko langoni?

jaseme_91
Dada, nililifikiria. Lakini mzee alisema boma moja mita moja, na hapo sina sauti. Naweza kuweka mita ndogo ya kuhesabu tu, nimlipe changu. Amekubali hiyo.

MamaKonduti, niambie sasa. Ni 4, 6 au 10? Nataka shawa. Mke amesema bila shawa hakuna mjadala.

MamaKonduti
Basi mke ameshachagua waya.

Bila shawa, ningekuwekea 6 na ungekaa vizuri. Ukiwa na shawa: ampia 23 kwa 6, mita 55, ni volti 9.2, inaonekana iko ndani ya kikomo. Lakini washa birika wakati shawa inatembea, ampia 31, inakuwa volti 12.5, umevuka na bado hatujahesabu nyaya za ndani. Kwa 10, mzigo huo huo ni volti 7.5. Hata ukiongeza pasi, ampia 36, ni volti 8.7. Hiyo ni asilimia 3.6: iko ndani ya ile 5, ingawa taa zitapita 3 yake kidogo wakati vyote vimewashwa pamoja. Weka 10. Usiende 16 kwa sababu una pesa, shaba ya ziada haitakulipa kwa umbali huo.

Sasa sikiliza mambo ambayo hayamo kwenye hesabu. Usiupitishe juu ya nguzo. Nyaya za kawaida za ndani ya nyumba ngozi yake inapasuka kwa jua, na radi za huku ziwa mnazijua. Nunua ile kebo ya kuzikwa, yenye koti la nyaya za chuma chini ya ngozi ya nje, uizike futi mbili, mchanga laini chini na juu, halafu utepe wa onyo nusu ya kina. Jembe la mama halina macho. Kwa mzee, itoke kwenye breka yake yenyewe ya 40, si ile ya soketi za sebule. Kabla ya hapo mtu aangalie swichi kuu ya mzee na nyaya zinazotoka kwa mita hadi swichi hiyo kama zinabeba nyumba yake na yako pamoja. Kama ziko za 6, hapo ndipo pa kuanzia, si kwako.

Kwako weka sanduku dogo: kifaa cha kukata stima ikivuja, cha miliampia 30, kwa sababu ya bafu. Chuma cha athi (cha kupeleka stima inayovuja ardhini) kichimbiwe huko kwako pia na kipimwe, si kuchomeka tu kwa ardhi kavu na kuondoka. Shawa breka ya 32 na waya wa 6, ijapokuwa 4 ingetosha kwa karatasi, kwa sababu waya huo unapita dari yako ya mabati. Swichi ya shawa iwe ya kukata pande zote mbili, na iwe nje ya bafu. Taa 1.5 na breka ya 6 au 10. Soketi 2.5 na breka ya 16.

Na skrubu. Kaza skrubu za shawa, halafu baada ya wiki mbili zima stima ukaze tena. Shawa nyingi ninazoitwa hazikuungua waya, ziliungua kwenye tamino.

Kazi hii iandikiwe cheti na mtu mwenye leseni. Tangu Sheria ya Kawi ya 2019 EPRA ndiyo inayozitoa, na fundi akikuambia leseni iko nyumbani, mwambie uko tayari kumsubiri.

jaseme_91
Nimeandika yote kwa kitabu. Nguzo nitazipasua kuni.

volti_na_chai
Kabla hujatoa waya wa zamani, pima volti kwa mzee na kwako wakati birika limewashwa. Halafu upime tena baada ya kazi. Utuletee.

*(wiki tano baadaye)*

jaseme_91
Wakuu nimerudi. Nilichelewa kwa sababu mbuzi wawili walikataa kupanda bei.

Vipimo kwanza, kama nilivyoagizwa. Waya wa zamani, birika peke yake: kwa mzee 236, kwangu 229. Birika na pasi: kwa mzee 235, kwangu 224. Waya mpya wa 10, birika na pasi: kwa mzee 235, kwangu 232. Shawa na birika pamoja, mke bafuni anaimba: kwa mzee 233, kwangu 227. Taa hazikutikisika.

Fundi mpya ana leseni, nilimwona nayo. Alipofungua swichi kuu ya mzee alikuta waya wa nyutro, ule wa kurudisha stima, umelegea kiasi kwamba uling'oka kwa vidole, na ngozi yake imegeuka kahawia kwa urefu wa kidole gumba. Hiyo ilikuwa hapo kabla mimi sijaanza kujenga. Alikata sehemu iliyoungua, akakaza, akanionyesha.

Mtaro tuliuchimba na vijana wawili siku moja na nusu. Mita ya kumi na tatu tulikutana na bomba la maji la mama ambalo kila mtu alikuwa amesahau lilipo. Sasa tunajua.

MamaKonduti
Ile ya nyutro ndiyo imenifurahisha kuliko shawa. Skrubu za shawa umekaza mara ya pili?

jaseme_91
Jumamosi. Moja ilizunguka karibu nusu duara.

MamaKonduti
Ehe.

omera_wa_nyalenda
Na ile 2.5 ya zamani, mita 55, unauza?

jaseme_91
Mama ameshaichukua. Ameanikia nguo, kutoka mwembe hadi choo cha nje. Mzee anapita chini yake kila asubuhi akiuliza kama bado ina stima.